Hayuko Texas

Jiwe lilikuwa mkononi mwa mzee wa kanisa letu, si mkononi mwangu, na ndiyo maana niliposimama watu wote walinitazama kama mtu ambaye simu yake imelia katikati ya mazishi. Sheria ya jioni ile ilikuwa hiyo: mwenye jiwe anaongea, wengine wananyamaza na kusikiliza. Lilikuwa jiwe la mtoni, laini, kubwa kama kiazi. Mama wa kizungu aliyeongoza mazungumzo alikuwa ametuomba tulipokee kwa mikono miwili. Chuo kikuu kimoja cha hapa Marekani, kule Fairfax, kilikuwa kimewaita wanafunzi na watu wa nje wakae pamoja wazungumzie ubaguzi wa rangi magerezani, na viti vilikuwa vimepangwa duara. Mimi nilikuwa nimepanga kukaa nyuma. Duara halina nyuma.

Mzee alikuwa amealikwa aongee kwa niaba ya wahamiaji wa Kenya. Alivaa suti yake ya Pasaka. Kwa Kiingereza kile anachotumia mimbarini alisema sisi tumebarikiwa, kesi za namna hii kwetu si nyingi, tunalea watoto kwa nidhamu, na wanaume wetu wako kazini. Kisha akaninyooshea mkono, uleule wenye jiwe.

"Mtazameni huyu mama kijana," alisema. "Hivi tunavyoongea, mume wake yuko Texas anaendesha lori kwa ajili ya familia yake. Huyo ndiye mfano wetu."

Wote wakanigeukia wakitabasamu. Mwanafunzi mmoja wa kike aliweka mkono kifuani, ameguswa.

Kwenye treni nilikuwa nimekariri swali moja kwa Kiingereza, moja tu, niliseme vizuri bila kutetemeka. Halikutoka. Kilichotoka kilikuwa Kiswahili, na kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.

"Mzee, wacha! Wacha hapo hapo. Mume wangu hayuko Texas. Hajawahi kukanyaga Texas. Yuko jela, mwaka wa pili huu, na wewe kila Jumapili unaniuliza Texas wanaendeleaje!"

Mzee alibaki na mkono hewani. Yeye peke yake ndiye aliyeelewa. Wengine walikuwa wameniinamia kidogo kwa heshima, wakingoja. Mama mwongozaji akaniuliza kwa upole kama ningependa kushirikisha kikundi kwa Kiingereza.

"Nimesema mume wangu hayuko Texas," nikamwambia.

"Asante sana kwa kutushirikisha," akasema. Akageukia karatasi kubwa iliyokuwa kwenye kisimamio cha mbao, ambako kwa kalamu ya kijani alikuwa ameshaandika UAMINIFU, MFUMO, UPONYAJI, na chini yake akaandika: TEXAS.

Hapo nikaanza kucheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

*

Texas hiyo sikuianzisha mimi. Ilianzishwa na mume wangu mwenyewe, siku aliyohukumiwa, kwenye zile dakika chache walizotupa kabla hawajamwondoa. Hakusema nampenda mtoto wala nakupenda wewe. Alisema: "Watu wakiuliza, waambie niko Texas, nimepata kazi ya lori." Akarudia. "Na mama yangu usimwambie kitu."

Mtu asiyekuwa wa kwetu atauliza, kwa nini? Wa kwetu haulizi. Kwetu mtu akifiwa, hata kama aliyekufa ni shangazi yuko Kitale na hamjaonana tangu utoto, nyumba yako inajaa. Watu wanatoka Lanham, wanatoka Baltimore, wanapanda ngazi za hii apatimenti yangu ya Silver Spring na sufuria za chapati na mukimo, wanaimba mpaka jirani anagonga ukuta. Ukijifungua wanakuja. Ukifukuzwa kazi wanakuja, na bahasha. Mtu akifungwa jela, hakuna sufuria inayopita mlangoni. Si kwamba wanakuchukia. Hawajui waimbe wimbo gani. Kwa hiyo unawarahisishia, unawapa Texas, na wao wanafurahi nayo. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa akiniambia kila mara, "Mwambie atuletee kofia ya kauboi." Nikawa nacheka naye. Mwaka mzima na zaidi nilicheka habari ya kofia.

Sisemi mume wangu ni malaika. Alikuwa akifanya kazi ya kuhamisha vyombo vya watu, yeye na mwenzake mmoja mzungu, lori moja, zamu moja. Vitu vya mteja vilipotea, vikapatikana ndani ya lori, nyuma ya kiti ambacho wote wawili walikikalia. Walishikwa pamoja, wakashtakiwa kosa moja. Mwenzake alipata kifungo cha nje, arudi nyumbani, asiguse pombe, aripoti kwa afisa. Mume wangu alipata miaka minne ndani. Nilimuuliza wakili tuliyepewa na serikali: hawa wawili wamefanya tofauti gani? Akafungua faili, akaifunga, akasema kila kesi ina mazingira yake. Mazingira! Mahakamani nilikaa nyuma ya mama yake yule mwenzake. Alilia kwa furaha, akageuka akaona mimi ninalia vilevile, akanishika bega. Sijui alidhani nalilia nini.

*

Gereza liko mwendo wa saa mbili kwa gari la kuazima. Ziara lazima iwekwe mapema, unapewa saa yako, ukiikosa imekwenda. Binti yetu ana miaka sita. Anaelewa Kiswahili chote, hata kile cha kumsema, ila anajibu kwa Kiingereza, na baba yake kwenye simu anamlazimisha: "Sema baba, usiseme daddy, mimi si wa katuni." Yeye anacheka anasema daddy.

Ijumaa moja baba yake alimwambia kwenye simu: "Safari hii nataka nikusikie kabla sijakuona." Kwa sababu nyumbani ilikuwa hivyo. Nikimsuka na kumtia shanga mwishoni, anatembea analia kama njuga, na baba yake alikuwa akijifanya amelala kwenye kochi, macho amefumba, anasema, "Nani huyo anakuja? Ni mvua?" Mtoto anaanguka kwa kicheko.

Basi nikamsuka. Nilitoka zamu ya mchana ya kazi yangu ya kumtunza bibi kizee mmoja, nikala nimesimama, nikamkalisha mtoto katikati ya magoti yangu mpaka akasinzia kichwa kimening'inia. Mistari myembamba, imelala nyuma, na kila mwisho shanga tatu, bluu, nyeupe, bluu, alizochagua mwenyewe. Asubuhi nilimpiga picha amesimama mlangoni, nikamtumia nyanya yake Kenya. Mama mkwe wangu na mimi tunaongea Kiswahili, kwa sababu mimi na mwanawe si wa kabila moja. Nikamwandikia: leo tunasafiri kumwona baba. Akanijibu kwa sauti, dakika nzima ya maombi, Mungu ashike usukani, Mungu atangulie mbele ya malori.

Kwenye foleni ya gereza huwa nasimama peke yangu. Wengi pale ni akina mama weusi wa hapa Marekani, wanajuana, wanaitana, wanaulizana habari za watoto. Mimi nilijitenga na kitenge changu na lafudhi yangu. Nilitumaini kwamba askari akinisikia nikisema "good morning, officer" atajua mimi nimetoka mbali, mimi si wa hadithi hii. Askari hakusikia lafudhi yoyote. Aliona nywele.

Mbele yetu kulikuwa na mama mzungu na msichana wa rika la wangu, nywele zimefungwa juu na kibanio cha chuma chenye umbo la kipepeo. Mashine ikalia. Askari, wa kike, akacheka: "Ni kipepeo wako huyo, mpenzi. Pita." Wakapita.

Mtoto wangu akapita kwenye mashine. Haikulia. Askari akamtazama kichwani, akasema, "Hizo haziingii."

"Nini?"

"Hivyo vitu. Na kusuka kwenyewe, kunaweza kuficha kitu. Fumua, halafu urudi."

"Zote?"

"Mama, nina watu nyuma yako."

Na mimi nikafanya nini? Mimi ambaye nyumbani wananiita mdomo, ambaye nimegombana na mwenye nyumba mpaka akabadilisha bomba? Nilisema, "Yes, officer." Halafu nikasema, "Thank you." Ndivyo nilivyolelewa, mtu mwenye sare anajibiwa kwa shukrani hata akikukanyaga. Nilimshukuru, nikamshika mtoto mkono, tukatoka nje kwenye maegesho kufumua kazi ya usiku mzima.

Mmoja wa wale akina mama wa foleni alitufuata. Mtu mzima, nywele nyeupe zimenyolewa fupi, viatu vya uuguzi. Mwanawe yuko ndani tangu akiwa kijana mdogo. Alifungua buti la gari lake na mle ndani ni duka: fulana zisizo na maandishi, suruali za kila saizi, viatu vya kufunika vidole, sidiria zisizo na waya. Alinieleza baadaye, kila anayerudishwa mlangoni kwa sababu ya nguo anakuja kwenye buti lile, anavaa, anaingia, akitoka anarudisha. Kwa nywele hakuwa na nguo. Alitoa chanuo.

"Wewe upande huu, baby, mimi ule," akasema.

Tukamkalisha mtoto kwenye ukingo wa buti. Mikono minne. Shanga zilikuwa zinadondoka kwenye lami na kubingirika chini ya magari. Mtoto hakulia. Aliuliza tu, kwa Kiingereza chake cha kitoto, "Nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu," nikasema.

"Kwa nini basi?"

Mimi niliinama kutafuta shanga. Yule mama aliona uso wangu, akaniambia polepole, "Usilie hapa. Wana kamera. Lia ukishafika barabara kuu."

Tuliporudi mlangoni, nywele zimesimama kwa kukunjamana, yule askari alivaa glavu. Akaingiza vidole kichwani mwa mtoto wangu, akavitembeza, kama mtu anayetafuta chawa. Halafu akaangalia saa. Ziara yetu ilikuwa imepita.

"Next time mlete na nywele za kawaida," akasema.

Nililia nilipofika barabara kuu. Mtoto kwenye kiti cha nyuma alikuwa amevaa kofia ya sweta.

*

Tangu siku ile alikataa kusukwa. Kisha alikataa kwenda. Halafu asubuhi moja, ninamvalisha soksi, akaniambia nimnyoe. "Ili daddy aweze kuniona," akasema. Aliyatamka kwa utulivu, kama mtu aliyekwishafikiria na kukata shauri. Kichwani mwake hesabu ilikuwa imekamilika: baba hakuonekana kwa sababu ya nywele zake.

Hiyo ndiyo ilinipeleka Fairfax. Mzee mwenyewe ndiye aliyeweka tangazo kwenye grupu la kanisa, "Njooni mnitie moyo," na chini ya tangazo iliandikwa kwamba atakuwepo wakili anayeshughulikia mambo ya magereza. Sikuwa na mpango wa kuongea mbele ya watu. Nilitaka kumvizia huyo wakili wakati wa chai, nimuulize swali langu pembeni, nirudi nyumbani, na Texas yangu ibaki salama. Nikamwachia jirani mtoto, nikashika treni ya laini nyekundu, nikabadilisha, nikapanda basi.

Basi nilipomaliza kucheka nikakaa. Mzee alimpa jirani yake jiwe bila kumaliza hotuba. Likazunguka. Profesa mmoja aliongea kuhusu historia, mwanafunzi akaongea kuhusu kitabu alichosoma, mzee mmoja mweusi, fundi wa kuchomelea vyuma, akasema yeye amekuja kwa sababu ya wajukuu tu. Halafu likanifikia. Nililipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa na joto la watu.

"Askari wa gereza akiamuru mtoto afumuliwe nywele," nikauliza kwa Kiingereza, "na mtoto akaambiwa nywele zake si za kawaida, mtu analalamika wapi?"

Mama mwongozaji alifumba macho. "Hilo ni zito," akasema. "Ningependa tukae nalo kimya kwa dakika moja."

Wakakaa nalo. Watu kama arobaini, wameinamisha vichwa, kwa ajili yangu. Sijawahi kuwa peke yangu vile. Hata usiku wa kwanza baada ya hukumu nilikuwa angalau na friji ikinguruma. Sikutaka kimya, nilikuwa nacho tele nyumbani. Nilitaka anwani.

Anwani niliipata kwenye meza ya biskuti. Wakili alinitafuta mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye mkoba mzito, akanieleza bila maneno mengi: anza na gereza lenyewe, kwa maandishi, weka nakala, taja shahidi, wasipojibu njoo kwangu. Akanipa kadi. Hilo tu. Ilichukua muda mfupi kuliko kile kimya.

Mzee alikuwa ananingojea kituo cha basi, suti na yote.

"Mama, ungeniambia faragha," akasema.

"Ungekuja nyumbani?"

"Ningekuja. Tungeomba."

"Mngeniombea au mngenisema?"

Alivua miwani akaifuta. "Hebu niambie jambo moja," akasema. "Alitenda kosa, au walimwonea?"

"Yote mawili, Mzee."

Alitikisa kichwa kana kwamba nimemjibu kwa lugha asiyoijua. Alinipa lifti mpaka stesheni. Njiani alifungua redio, akaifunga. Nilipokuwa nashuka alisema, "Si ungenizuia, mimi nimekusimamisha pale kama mfano," na nikaona alikuwa na aibu kweli, aibu ya mzee, na hata hivyo sikumwambia pole. Pole zangu zilikuwa zimekwisha.

*

Habari ilifika Kenya kabla mimi sijafika Silver Spring. Ilianzia kwa Mzee bila shaka, baada yake sijui nani alimwambia nani. Nilikuwa navua viatu mama mkwe akapiga.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Nikamsikia akivuta kiti. Kuku walikuwa wanalia huko kwake, kulikuwa kunapambazuka.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "muda huu wote nilikuwa naombea lori?"

Kisha akasema anakwenda kuwapa kuku chakula, akakata.

Jumapili nilienda kanisani kama kawaida, kwa sababu nisingeenda wangesema. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimia kwa vidole badala ya mkono mzima. Kiti cha kushoto kwangu kilikuwa wazi, cha kulia kilikuwa na mkoba wangu. Yule kijana wa kofia ya kauboi alinipita akasoma tangazo ukutani lililokuwepo tangu Krismasi. Kwenye matangazo waliwaombea wagonjwa, wasafiri na wanafunzi wa mitihani. Nilingoja. Wakapita kwenye sadaka.

Mume wangu alipiga Jumanne. Simu zao zinaanza na sauti ya mashine inayokukumbusha kwamba unasikilizwa.

"Nimewaambia watu wa kanisa," nikasema.

"Umewaambia?"

"Na mama anajua?"

"Anajua."

Akapumua. Nikamweleza kuhusu wakili, kuhusu kulalamika. Nilikuwa sijamaliza akanikatiza.

"Usiandike. Nakuomba. Sasa hivi niko jikoni, ninakula vizuri, na hapa ni karibu. Wakikasirika wananihamisha kule milimani, utakuwa unakuja mara moja kwa mwaka. Wewe hujui hawa."

"Najua mmoja. Amevaa glavu."

"Hizo ni nywele tu, mama. Zitaota. Mtoto atasahau."

"Hajasahau. Anataka nimnyoe."

"Anyolewe kwa nini?"

"Ili umwone. Anadhani ni nywele zake zilikufanya usimwone."

Nilisikia kelele za nyuma yake, watu wanagombania simu nyingine, sufuria, mlango wa chuma. Mashine ikasema imebaki dakika moja, na dakika nzima ikaisha hivyo, kila mmoja wetu ameishika simu yake.

Siku ya pili akapiga tena, mapema, saa ambayo huwa hapigi.

"Umeshaandika?"

"Bado."

"Andika," akasema. "Na uweke na jina langu. Wasidhani umeandika nikiwa sijui."

"Na milimani?"

"Tutajua huko huko."

Nilimpigia yule mama wa buti nikamuuliza kama atakubali kuwa shahidi. Alicheka, si kwa furaha. Alisema ameona vichwa vingi vikifumuliwa pale, na kila mmoja wetu hufika nyumbani akaoga akanyamaza. "Weka jina langu lote, baby," akasema. "Mimi hawawezi kunitisha na kitu ambacho hawajanifanyia tayari."

Nikamwambia mtoto ninaandika barua kwa watu wa gereza. Alikuwa anachora, hakuinua kichwa.

"Umewaambia kuhusu shanga za bluu?"

"Nitawaambia."

"Siendi mpaka waseme si mimi," akasema.

Nikamwambia sawa.

Niliandika kwanza kwa Kiswahili, ili hasira itoke ilivyo, halafu kwa Kiingereza, ili isomeke. Ya Kiingereza niliipeleka mwenyewe dirishani, nikataka wapige muhuri kwenye nakala yangu, wakapiga. Ya kwanza ndiyo hii.

*

Kwa Mkuu wa Gereza.

Mimi ni mke wa mfungwa ambaye jina lake na nambari yake nimeandika juu. Anajua ninaandika. Ninaleta malalamiko juu ya askari wa mlango wa wageni na juu ya kanuni yenu ya nywele, kama ipo.

Jumamosi nilipokuja na binti yangu wa miaka sita tulikuwa tumewahi. Mtoto alikuwa amesukwa mistari, na shanga za plastiki za bluu na nyeupe. Alipita kwenye mashine na mashine haikulia. Askari aliniamuru nimfumue nywele zote. Mtoto mzungu aliyekuwa mbele yetu alikuwa na kibanio cha chuma, mashine ililia, naye aliambiwa apite. Niliona kwa macho yangu, na shahidi wangu, ambaye jina lake na simu yake ziko chini, aliona kwa macho yake.

Nilimfumua mtoto nje kwenye maegesho. Tuliporudi askari alimpekua kichwa kwa glavu, hakupata kitu, akasema muda wetu umekwisha, akasema tulete nywele za kawaida. Nimesoma karatasi zote mlizobandika ukutani. Zinataja kaptura, viatu vya wazi, rangi za nguo. Nywele hazitaji. Kwa hiyo kanuni hiyo iko kichwani mwa askari, na naona inawahusu watoto wa aina moja.

Ninaambatisha picha ya nywele kabla. Ya baada sina, mikono yangu ilikuwa na kazi.

Siku ile sikubisha. Nilimwambia askari asante. Hiyo asante naiondoa, na naomba iandikwe kwamba nimeiondoa.

Nataka jibu kwa maandishi. Nataka kanuni ya nywele iandikwe, ibandikwe, na iwe moja kwa kila mtoto anayepita hapo. Nataka turudishiwe ziara tuliyonyimwa. Nataka mume wangu asihamishwe kwa sababu ya karatasi hii, na akihamishwa nitaandika nyingine.

Na nataka mtu mwenye cheo amwambie binti yangu, kwa mdomo wake, uso kwa uso, kwamba nywele zake hazikuwa kosa. Amesema hatakuja mpaka aambiwe, na mimi nimemkubalia. Mpaka siku hiyo nitakuja peke yangu, kila Jumamosi, na shanga hizo nitakuwa nimezivaa mimi.